Jiwe la Uwanja wa Kaskazini

Barafu ndiyo iliyolibwaga hapa
kabla ya mtu, kabla ya jina Minesota,
likakaa kondeni kama mgeni asiyeaga.
Waliojenga chuo walilifunga farasi sita,
likasogea hatua arobaini, minyororo ikakatika.
Wakasema, basi, na liwe hapo.

Rangi ya kwanza, yasemekana, ilikuwa utani:
vijana wa kilimo, ndoo ya chokaa ya zizini,
jina la mkuu wa chuo, tena kwa makosa.
Kulipokucha, wa uhandisi wamelifunika kwa nyekundu.
Tangu hapo ni rangi juu ya rangi.

Sheria haikuandikwa popote:
ukitaka kupaka, ulinde tangu magharibi
hadi jua lichomoze. Njoo na blanketi, njoo na wenzio.
Ukisinzia, jiwe si lako.

Mimi Arvid Skogland, mzoa theluji, mfagia majani,
miaka thelathini na moja nimelisoma kila alfajiri
kabla ya gazeti.
"Marguerite, nikuoe?"
Kesho yake, kwa herufi nono za manjano: "NGOJA."
Majina kumi na mawili ya walioitwa vitani;
wiki nzima hakuna aliyethubutu kupitisha brashi.
Na mama yake Dahlia Wozniak,
Dahlia aliyegongwa na lori akiwa juu ya baiskeli,
alikuja mchana, peke yake, na kichupa cha rangi ya kucha,
akachora ndege wa buluu, mdogo,
upande wa nyuma unaotazama kijito.
Wapakaji wakamzunguka miaka minne.
Wa mwaka wa tano hawakujua.

Machipuko ya juzi, theluji ikiyeyuka,
gamba likabanduka, nene kuliko kiganja changu.
Profesa wa miamba akalikata kwa msumeno:
pete mia sita na ushee, nyembamba kama za kitunguu.
Akanipa kipande. Nina miwani miwili, nimehesabu
mistari ya buluu hamsini na tatu.
Sijui ndege ni upi.

Na pale lilipobanduka, tukaliona lenyewe:
kijivu, lenye chembe za waridi, limelowa,
dogo, dogo kuliko tulivyodhani.
Wanafunzi wakasimama, simu mikononi, hakuna aliyepiga picha.

Jioni akaja binti na blanketi na ndoo.
Akauliza, "Mzee, inaruhusiwa?"
Nikamwambia, "Usisinzie."