Tundu la Ghorofa ya Tatu

Dundee, Januari. Saa mbili asubuhi na bado giza.
Taa za kreni zimenata kwenye ukungu wa mto Tay.
Nimevaa koti la njano na kofia ngumu,
kwapani faili, ndani yake majina matano na sahihi tano.

Ghorofa ya tatu kuna tundu,
upana wake mabega ya mtu mmoja.
Ijumaa lilikuwa na kifuniko cha mbao,
kimepigwa misumari, kimeandikwa kwa rangi nyekundu.
Leo kifuniko kimekuwa meza:
birika, vikombe vinne,
soseji iliyoumwa nusu.

Nikampigia mwenye jengo.
“Mimi nimetoa pesa tu,” akasema, “na tarehe ya kumaliza.”
Nikamwambia tarehe nayo ni chombo cha kazi,
ukiikaza mno inakata.
Kimya. Nikasikia kijiko chake kikigonga sahani.

Msanifu akasema tundu limo kwenye mchoro.
Kweli limo: duara dogo, safi.
Karatasi haina chini.

Abercrombie, mkandarasi mkuu, akamtazama wa mabomba,
wa mabomba akamtazama fundi wake,
fundi akatazama viatu vyake,
na viatu vilikuwa hatua mbili kutoka ukingoni.

Ndipo Shomari, anayebeba saruji, akaninong'oneza kwa lugha yetu,
kama anayenipa pole mapema:
“Ajali haina kinga, dada.”

Ee Shomari.
Hivyo ndivyo tulivyoambiwa Korogwe,
siku tatu za matanga, kila mgeni na sentensi ile ile,
baba alipoteleza juu ya jukwaa la mirunda.
Na aliyeifunga ile mirunda alikuja pia.
Alikaa mkekani, akala wali wetu,
akasema ajali haina kinga,
akanawa mikono.
Kamba iliyooza hakuna aliyeitaja.
Mama alimwongezea mchuzi.

Sikumjibu Shomari.
Nilifungua faili, nikateremka na majina,
la kwanza, la pili, la tatu, la nne.
La tano ni langu.
Ijumaa jioni nilipita hapa, mvua ya mawe ikinichapa,
nikaona misumari miwili imelegea,
nikajiambia: Jumatatu.

Nikaondoa vikombe kimoja kimoja.
Soseji nikampa mwenyewe.
Nikapiga magoti kwenye zege baridi
nikaomba nyundo.