Ukoo wa Arobaini

Nimechana Machi kwenye kalenda ya duka la saruji,
nikaigeuza, upande mweupe ukatazama juu.
Kesho ni arobaini ya baba, na kaka zangu
wanataka karatasi: nani kamzaa nani,
ili shamba la Pongwe, eka saba na ushei,
ligawike bila ngumi.

Juu kabisa naandika: Arobaini.
Si jina. Ni mkia wa namba ya kipande chake,
elfu mbili mia tatu na arobaini,
siku manamba waliposhushwa kutoka Unyamwezi
wakahesabiwa kama magunia, na nyapara
hakuwa na ulimi wa kubeba majina yote yale.
Aliitika. Ukiitika mara elfu, limekuwa lako.

Shuleni walinikimbiza nalo:
"Tunu Arobaini, za mwizi zimefika!"

Shangazi Chiku anasema homa ilipompanda, mwishoni,
alikuwa akiita "Mihambo, Mihambo,"
na hakuna aliyethubutu kuuliza
kama anajiita mwenyewe, au mtoto aliyemwacha kule,
au ni safari tu, kwa lugha ya kwao.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.

Ubavuni mwake, Mwanamkasi binti Kombo,
Mdigo, aliyemzoesha tui la nazi
na kumkataza kuhesabu watoto kwa sauti.
Walizaa tisa. Kaka zangu wanasema andika wanne,
"waliokua." Naandika tisa,
hata yule wa saa moja, aliyezikwa nyuma ya jiko
kabla ya jina, kabla ya namba.

Mwinjuma, babu, aliyeacha mkono wa kushoto
ndani ya korona, mwaka wa bei nzuri ya mkonge.
Alilipwa blanketi na mapumziko ya siku mbili.
Akapanda minyaa ya mpaka kwa mkono uliobaki,
ndiyo maana upande wa Mkulumuzi ua umepinda.
Chiku, aliyeolewa Pangani mara mbili, akarudi mara tatu.
Kisha Mbaruku, baba, wa kiwanda cha mbolea,
aliyekohoa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
mpaka kiwanda kikafungwa,
kikohozi kisifungwe.
Kisha sisi.

"Mwanzilishi aliyefyeka pori," fomu ya baraza inadai.
Ndivyo tunavyosema harusini na matangani:
Arobaini alifyeka, hapakuwa na mtu,
palikuwa na nyani na ndorobo.
Lakini Chiku, anachambua mchele, hainui macho:
"Jembe lake la kwanza liligonga mafiga."

Mafiga gani, shangazi?

"Matatu. Yakiwa na masizi bado. Mama aliyapikia
mpaka akafa. Hayo hayo unayoinjikia chai."

Nimetoka uani kuyatazama,
mimi niliyeyakalia utotoni nikila ukoko.
Moja lina ufa. Moja limelainika upande mmoja
kama goti la anayesali sana.
Kuna mtu aliyaokota mtoni, akayapima kwa jicho,
akakataa jiwe la nne.
Aliondoka, au aliondolewa;
chungu akabeba, moto akauacha.
Labda naye aliwahi kuambiwa hapa ni pori.

Kaka mkubwa anaita: umemaliza?
Juu ya Arobaini pamebaki nafasi ya vidole viwili.
Sina jina la kuweka. Nachovya kidole kwenye masizi,
nabonyeza mara tatu.

"Hiyo nini? Kalamu imevuja?"

Namwacha aamini. Kesho karani atasoma kwa sauti,
atafika hapo juu, atasita,
atasafisha koo,
ataanza na namba.