Mashavu ya Mwanamfalme

Mezani tuko wasichana sita na mshumaa mmoja.
Karatasi hutufikia bado zina ubaridi wa mashine,
mistari myeusi mitupu; damu tunatia sisi.
Tabitha Pruett anatia buluu ya koti,
Lettice, miaka tisa, kijani cha pazia,
nami, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki hata kwa njaa,
nimepewa mashavu.

Rangi yangu inakaa ndani ya gamba la kome.
Nyekundu ya buchani, ya Jumamosi jioni.
Doa shavu hili, doa shavu lile,
na pua, Bwana Ludlam anasisitiza,
pua usiionee huruma.

Mchoro wenyewe: Mwanamfalme wa Harrowmere
anakula andazi la nyama lenye mlango, dirisha na bomba la moshi;
kifungo cha kizibao kimefyatuka
kikamtia balozi chongo.
Chini ya meza wanaomdai wanagombea makombo.
Jabez aliyeuchonga hajawahi kumwona mtu huyo.
Pua aliikopa kwenye sarafu,
tumbo aliliongeza kwa imani tu.

Asubuhi watu wanasongamana dirishani:
hakimu anacheka bega kwa bega na mfagia mabomba ya moshi,
asiyejua kusoma anauliza, "Hapo mdomoni pameandikwaje?"
na kijana mmoja mwembamba, ambaye hacheki,
anavuna saa za mifukoni.

Jumanne alikuja mtu wa glavu za kijivu.
Hakutaja jina. Akahesabu pauni sabini juu ya kaunta,
akaondoka na bamba la shaba
limefungwa flaneli kama mtoto mchanga.
Bwana Ludlam aliinama mpaka kipara kikaonekana;
magurudumu hayajavuka uchochoro, akaita ngazini:
"Jabez! Shaba nyingine. Na safari hii tumbo liongeze."
Anayenunua kimya hununua rejareja.

Siku hiyo nilitumwa gundi. Theluji ilikwisha geuka tope.
Gari la farasi lenye nembo ya Harrowmere
lilikwama nyuma ya mkokoteni wa makaa,
na kiooni, karibu nami kuliko Tabitha mezani,
alikuwa yeye.
Hakuwa mwekundu.
Mweupe kama unga uliokandwa ukasahauliwa,
kitambaa kimefungwa toka kidevu hadi utosini: jino.
Akautazama mkono wangu, mwekundu hadi kwenye kifundo,
kisha akanitazama mimi,
na sijui alichojua.
Pazia lilishuka. La kijani. Lettice angefurahi.

Niliporudi karatasi arobaini zilikuwa zinaningoja.
Ya kwanza niliipaka nilivyomwona:
maji mengi, kijivu kidogo chini ya jicho.
Bwana Ludlam akaiinua kwenye mwanga.
"Huyu nani? Hakuna atakayemjua huyu."
Akanikata peni mbili, karatasi akanitupia.

Thelathini na tisa zilizobaki nilizitia nyekundu.
Pua sikuihurumia.

Ile moja nimeibandika juu ya kitanda chetu,
penye ufa unaoingiza upepo wa mtoni.
Usiku naisikia ikipumua,
ikitoka kidogo ukutani, ikirudi.
Dada yangu anauliza ni mjomba yupi.