Milio Mitatu kwa Mama

Januari, Hamtramck. Hita ya mafuta ya taa inakohoa pembeni.
Nimelala chali juu ya kadibodi, theluji inayeyuka kwenye buti,
natazama tumbo la Nova ya mwaka sabini na moja,
tumbo ambalo baba hakuwahi kulitazama.

Zygmunt Wróbel alikuwa mtu wa injini.
Aliipanua koo, akaibadilishia kabureta,
akaipa pumzi za fahali,
kisha akalinyoosha gari barabarani kama maneno ya mlevi:
moja kwa moja, bila nukta.
Lakini mbele ya kona alipunguza mwendo, akasafisha koo,
kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake.
Gari liliinama. Mimi, kiti cha nyuma, nikateleza
mpaka bega likagonga mlango.
Mama mbele, mikono miwili kwenye dashibodi,
akiwaita watakatifu kwa Kipolandi, mmoja mmoja.

Basi leo nang'oa.
Bushi za mpira zimepasuka kama visigino vya mtembea peku.
Springi za nyuma, bapa tano zilizobanwa pamoja:
tabasamu lao la kiwandani limekuwa mnuno.
Nati ya mwisho inagoma.
Naipaka mafuta, naisubiri, naigonga,
naitukana, naiomba radhi.
Nashwan anavuka mtaa kutoka karakana yake ya kuchomelea,
ndevu zina barafu, mkononi bomba la mita moja na nusu.
"Hasira haina urefu," anasema. "Bomba linao."
Nati inalia mara moja tu.

Vipya nimevitandaza juu ya gazeti:
springi fupi, nyekundu kama ulimi wa mgonjwa wa homa,
stablaiza nene kama mpini wa nyundo,
bushi ngumu zisizojua huruma,
na shokapu nne zenye kifundo cha kuzungusha;
kila hatua ina mlio wake. Tik.
Ukikaza, gari linaikumbatia lami.
Ukilegeza, linamkumbatia abiria.
Mwenye kutaka yote mawili
na ajifunze kuhesabu.

Maana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi
nampeleka mama kusafishwa damu,
maili sita za mashimo yasiyo na adabu,
na nyonga yake imeshafanyiwa upasuaji mara mbili.
Jumapili ni ya uwanja.
Nimeandika ukutani kwa chaki, karibu na swichi ya taa:
MAMA, 3. UWANJA, 14.

Mei. Mzunguko wa kwanza, kona ya tatu.
Nilingoja kuteleza kule kwa utotoni.
Bega likajikaza kwa ajili ya mlango,
na mlango haukuja.
Gari lilizama kidogo, likatulia,
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti chake mezani,
na matairi yakaanza kuimba kwa meno yaliyofungwa.
Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.
Kwenye kona ya saba nilijisahau, nikaachia mafuta ghafla,
nikazunguka kama sarafu, nikarudi kwa Nashwan
na nyasi kwenye grili.
Aliitazama saa yake, akaitazama nyasi.
"Muda mzuri," akasema, "kwa mkulima."

Jumanne iliyofuata nilichelewa kuamka.
Shimo la kwanza, Mtaa wa Conant, lilitupiga
kama ngumi chini ya meza.
Mama hakusema kitu. La pili. La tatu.
"Umekaza," akasema.
"Nimesahau, mama. Nasimama sasa hivi, nalegeza."
Mbele yetu barabara ilikuwa ikipinda kushoto,
kipindo kirefu, kikavu, hakuna gari hata moja,
kile kile alichokipunguzia baba mwendo miaka thelathini.

"Baada ya ile kona," akasema.

Nikabadilisha gia, nikaingia.
Nilipomtupia jicho, mikono yake
ilikuwa mapajani.