Daftari Lililolowa Mawese

Nilifika Mwandiga saa tatu, na fomu ya kurasa saba,
kikokotoo, na viatu nilivyovipiga rangi
kana kwamba matope ya Kigoma husoma vyeo.
Leokadia Ntibakazi alikuwa ndani ya moshi,
anakoroga pipa la ngazi kwa mti mrefu kumshinda.
"Kaa juu ya dumu hilo," alisema. "Lile jingine linavuja."

Nikaandika: mali za kudumu.
Kikamulio kimoja cha chuma, cha kuzungusha kwa mikono,
kilinunuliwa mwaka aliozaliwa Bukuru,
na Bukuru sasa ana ndevu.
Nikakihesabia uchakavu, mwaka baada ya mwaka,
mpaka thamani yake ikafika sifuri,
na chuma kikaendelea kulia kwii, kwii,
mafuta yakishuka mekundu
kama hayajasikia.

Daftari lilikuwa moja tu,
karatasi imelowa mawese hata unaweza
kusoma deni la Machi kupitia mauzo ya Aprili.
Kuni. Kostiki. Ngazi za Kagoma, mikungu arobaini.
Nauli ya madumu sita hadi Mwanga.
Sabuni, miche kumi na miwili, kwa Ruhaza.
Pembeni, hakuna bei.
"Haya ni mauzo au matumizi?"
"Ni msiba," akasema.
Fomu yangu haina chumba cha msiba.
Nikauweka kwenye "mengineyo", ukakaa vibaya,
kama mtu mzima aliyepewa kigoda cha mtoto.

"Na mshahara wako uko wapi?"
Akacheka mpaka mti ukasimama ndani ya pipa.
Basi nikampangia mimi: mshahara wa kibarua,
na Bukuru nikampa nusu yake.
Nikajumlisha. Nikatoa. Nikarudia kutoa.
Faida aliyonionyesha asubuhi ikanywea,
ikageuka hasara ya laki nne na ushei.

Utamwambiaje mtu mwenye masizi hadi kwenye kope
kwamba, kwa mujibu wa hesabu,
angelala tu asingepoteza kitu?

Nilimwambia.
Hakushtuka. Alipangusa mikono kwenye khanga,
akaifungua Januari kwa kidole.
"Tazama. Dumu, elfu hamsini na mbili.
Sasa njoo Juni. Dumu lile lile, themanini na tano.
Januari ngazi zimejaa, kila ua unakamua,
na Januari hiyo hiyo shule inadai.
Mafuta yangu si mabaya, bwana. Na mimi si mvivu.
Nauza siku ambayo kila mtu anauza,
maana ada haisubiri bei."

Miaka mitatu nilisomea uhasibu.
Najua ukwasi, najua uwiano wa deni na mtaji,
naweza kukuchorea mtiririko wa fedha gizani.
Hakuna aliyeniambia kwamba hasara ina mwezi wake.

Sisi tulimwandalia mkopo wa mashine ya dizeli,
na kipeperushi chenye picha ya rangi.
Yeye alitaka mapipa kumi yenye mifuniko,
na kitu cha kumvusha mpaka Juni.

Penye "maoni ya mkaguzi" kuna mistari mitatu.
Niliandika: Biashara hii haiumwi. Ina haraka isiyo yake.
Nikakata. Meneja wetu hapendi mafumbo.
Nikaandika: Mkopo wa akiba ya mafuta, miezi sita.
Bado sijui watasemaje.

Wakati wa kuondoka nikachukua miche miwili ya sabuni.
Elfu tano. Nikapekua mifuko yote:
elfu nne na mia tano, na tiketi ya juzi.
Leokadia hakusema neno. Alilamba ncha ya kalamu
na, chini ya Kagoma, chini ya kuni za Jumanne,
akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa:

BWANA WA SAKOSI. MIA TANO.

Kisha akaniuliza nitalipa lini,
na nikaona anasubiri tarehe.