Safu ya Sahihi

Wametuita tena ukumbi wa halmashauri, Newala.
Barua ina muhuri, inatuita "wadau".
Tumekuja watano wa kikundi cha Tusemezane,
kanga zimepigwa pasi, daftari moja, kalamu mbili,
na swali lile lile tulilolibeba tangu mabibo ya mwaka juzi:
tangi limejengwa, limekabidhiwa, limepakwa rangi ya buluu;
maji yake yako wapi?

Kwanza chai. Maandazi mawili kwa kila mdau.
Kisha karatasi inazunguka kabla ya neno lolote:
jina, taasisi, simu, sahihi.
Naijua karatasi hii. Mwaka jana niliitia sahihi,
nikaikuta Machi ndani ya ripoti, imevaa jina jingine:
"Wananchi walishirikishwa kikamilifu."
Huyo kikamilifu ni mimi. Mimi na maandazi mawili.

Bwana Mtauka anasoma slaidi. Si mtu mbaya.
Mama yake ni jirani yangu; ndoo tunanunua
kwa muuzaji mmoja, mia tano, sasa mia saba,
na kiangazi kikikaza huninong'oneza uani:
"Mwanangu hana ubavu, ana wakubwa."
Basi nani ana ubavu? Serikali ni nani,
kama kila ninayemshika shati ananionyesha mgongo wa mwingine?

"Maswali yaandikwe, muda umetutupa mkono."
Kisha kwa upole, kama anayeniazima mwavuli:
"Na usajili wenu, katibu, unaisha Juni. Mkumbuke."
Tumekumbuka. Hata mate yamekumbuka.

Karatasi, iliyokwama meza za mbele, ikamfikia Somoe Nampoto,
aliyejifunza kuandika akiwa na wajukuu,
herufi zake nene kama vidole vyake vya kubangua korosho.
Akaandika jina. Kwenye safu ya sahihi
akaandika polepole, ukumbi ukimngoja:
NIMEKUJA. SIJAJIBIWA.

Wa pili akasoma, akaitazama kalamu, akanakili.
Wa tatu: "Mimi pia."
Wa nne alisaini tu. Mumewe ni mtendaji wa kata;
hatukumlaumu.
Nami, mwenye jina kwenye usajili wa Juni,
niliishika karatasi ile hadi chai ikaota utando.

Bwana Mtauka alipoipokea aliisoma yote.
Hakuikunja. Hakuichana.
Akauliza, mbali na kipaza sauti:
"Hii niipelekeje juu?"

Somoe akakung'uta makombo kwenye kanga:
"Kama ilivyo, mwanangu. Ina mistari.
Itakwenda."