Dirisha la Duka la Bupe

Jumapili baada ya ibada, mvua ya Tukuyu ikiwa haijaamua
kama inaanza au inamalizia,
dada yangu Bupe aliingia nyuma ya nondo za duka lake,
akasogeza mizani, akavaa miwani ya marehemu baba,
akasema: Anayefuata!

Nikasimama upande wa wateja,
bahasha ya kaki kifuani
kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Jina lako.
Tumwitike Mwasomola.
Mbona cheti cha ubatizo kinasema Tumwitikege?
Mwinjilisti alikuwa na wino mwingi siku hiyo.
Usinichekeshe. Mle hawacheki.
Nikajibu upya: ni mimi yule yule, nina hati ya kiapo,
mhuri wa wakili, elfu thelathini bila risiti.

Mlijuana wapi na mumeo?
Kwenye msiba wa shangazi yake, Kiwira.
Mimi zamu ya kumenya ndizi, yeye akaleta kuni mbichi,
moshi ukatuliza wote,
hata tuliokuwa hatumjui marehemu.
Mmeishi pamoja siku ngapi?
Hapo nilimeza mate.
Kumi na tisa. Kisha akarudi kwenye ghala lake la mizigo,
mji ambao theluji hufika kabla ya mshahara.
Sema wiki tatu kasoro, akanong'ona balozi.
Nitasema kumi na tisa.

Shikamooni, sukari robo,
akasema mtoto chini ya kiwiko changu.
Balozi akapima sukari, akakunja karatasi,
akatafuta chenji kwenye kopo la kahawa,
akarudi ubalozini.

Ushahidi uko wapi?
Nikaupitisha chini ya nondo, pale inapopita chumvi:
picha kumi na mbili za harusi (katika nne mjomba hana kichwa),
cheti cha polisi, picha ya kifua changu, mbavu zote zipo,
na ujumbe wa simu tuliochapisha kwa Anyisile,
kurasa mia mbili kumi na nne,
nyingi zikisema umekula, mtandao unasumbua, usiku mwema,
mmoja ukisema leo nimelala na shati lako.
Huo Bupe aliusoma.
Akaurudisha katikati ya mengine, taratibu,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye aliyelala.

Anapenda kula nini? Mbalaga.
Hulala upande gani? Wa ukutani.
Ndugu zake? Wanne, na wa tano hatajwi.

Mvua ikaamua.
Bati likapiga kelele, nasi tukapiga kelele juu yake.
Na mama? akapaza Bupe. Mama unamwacha na nani?
Hawaulizi hivyo!
Mimi ndiye ninayeuliza.

Miwani ya baba ilikuwa imeingia ukungu.
Niliona kumbe nimeshika nondo mbili, moja kila mkono,
na sikukumbuka tangu lini.

*

Alhamisi, Dar es Salaam, jasho hadi kwenye soksi.
Dirisha la huko ni kioo kinene, sauti hupita kitunduni.
Afisa alikuwa kijana, ana mafua.
Aliuliza tarehe ya ndoa. Aliuliza mume anafanya kazi gani.
Aliuliza kama vidole vyangu ni vikavu,
nikavipangusa kwenye kitenge, nikaapa.
Kurasa mia mbili kumi na nne hakuzigusa.
Dakika nne, labda tano.
Akanitakia safari njema kwa Kiswahili cha darasani,
kila silabi imepigwa pasi.

*

Uyole nilishuka usiku bado, nikangoja gari la kwanza.
Tukuyu ilikuwa ndani ya wingu, migomba inachuruzika,
na Bupe anatoa makufuli, ufunguo umo mdomoni.

Hakuuliza. Alipita nyuma, akasimama pale pale.
Robo, nikasema. Ya chai ya mama.

Akapima.
Akaongeza kidogo, akapunguza, akaongeza.
Wote wawili tukautazama mshale,
unavyokwenda huku, unavyorudi.